Moja Iko Wapi?

Jioni moja tuko ndani ya mathree ya Eastlands, woofa inanidunda mgongoni, beshte yangu anapiga nduru: "Manze, hii ngoma iko fasta!" Nikamshow tulia buda, tuhesabu. Saa ya simu ikawekwa, tukagonga kiti kila pigo. Sekunde 15, mapigo 25. Zidisha mara 4, ni 100 kwa dakika. Hiyo ndio tempo, spidi ya mapigo, na 100 si mbio. Singeli ya Dar huvuka 200.

Sasa mbona aliiskia fasta? Ni mdundo. Pigo hutembea sawasawa kama hatua za msee. Mdundo ni vile sauti zinajipanga juu ya hizo hatua, zingine ndefu, zingine fupi, zingine zinaangukia katikati. Jaribu hapo umekaa. Mkono wa kushoto ugonge goti mara 8, polepole. Wa kulia uingie kwa 1, kwa 4 na kwa 7 pekee. Tatu, tatu, mbili. Hapo umeshika mifupa ya dancehall, na ngoma mob za gengetone zimesimama juu yake. Tempo haijaongezeka hata kidogo, lakini mabega yashaanza kucheza yenyewe.

Mita nayo ni kundi: mapigo mangapi ndio urudi kwa moja. Ngoma nyingi za mtaa ni nne nne. Lakini shuka Mombasa uskie chakacha. Hiyo inahesabiwa sita, na sita iko na siri tamu sana: ikate vipande viwili, unapata tatu-tatu, ikate vipande vitatu, unapata mbili-mbili-mbili. Zote zinaingia kwa muda uleule. Ngoma moja ya kupigwa inasema mbili, nyingine inajibu tatu, na kiuno kinaskia zote.

Mimi niliwahi kuiweka chakacha kwa biti ya nne, kwa kompyuta. Ikalala. Nikapandisha tempo, ikakimbia ikiwa bado imelala. Shida haikuwa spidi, ni ile tatu niliikata. Ndio maana roho huniuma nikiona produsa wa mtaa akiokoa biti kwa kuipandisha tempo tu.

Leo ukipanda mat, weka simu mfukoni. Gonga kiti, tafuta moja iko wapi, halafu hesabu mpaka irudi.