Butembo: Ordinateri inakataa kuwaka baada ya kuongezewa vifaa, si kila mara imekufa

Mjini Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, mama mmoja mwenye sekretaria alibaki kidogo anunue karti mere mpya kwa ajili ya ordinateri ambayo haikuwa imeharibika. Ndani ya diski ya mashini hiyo mlikuwa memwari za wanafunzi watatu waliopaswa kuzipeleka chuoni siku mbili baadaye. Tatizo lilianza jioni ile ile vifaa vipya vilipowekwa ndani, na likaisha asubuhi iliyofuata, bila kununua kitu kingine isipokuwa betri moja ndogo ya duara.

Mambo kama haya yanajulikana katika mji huu wa biashara na wa masomo. Butembo ina vyuo kadhaa, kati yavyo Université Catholique du Graben, na wanafunzi wengi hawana ordinateri nyumbani. Wanapeleka karatasi zilizoandikwa kwa mkono kwenye sekretaria, pahali ambapo kazi inapigwa kwenye mashini, inasahihishwa na kuchapishwa. Mashini moja ikilala, kazi ya watu wengi inalala nayo.

Mashini ya mama huyo ni ya mezani, ya zamani kidogo, moja kati ya zile zilizotumika katika maofisi ya ng'ambo kabla ya kuletwa sokoni. Ilikuwa imeanza kuwa nzito, na kufungua kazi moja kulichukua dakika nyingi. Mtoto wa dada yake akaleta bareti ya RAM pamoja na karti grafiki iliyokwisha kutumika kwingine. Jioni akafungua sanduku, akaviweka vyote viwili mara moja, akafunga. Alipobonyeza kifungo, taa iliwaka na feni zikazunguka. Ekrani ikabaki nyeusi.

Fundi wa kwanza aliyeitwa hakufungua sanduku. Alisikiliza feni, akatazama ekrani, akatoa hukumu: karti mere, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha vipande vyote, imekufa. Bei aliyotaja ilizidi kile ambacho sekretaria inaingiza kwa majuma kadhaa. Mama akaomba usiku mmoja wa kufikiri, akachomoa mashini kwenye umeme.

Swali la kwanza: mligusa nini?

Asubuhi fundi wa pili alifika na turnevisi na taa ya simu. Kabla ya kushika chochote, aliuliza:

— Mama, jana mchana mashini ilikuwa inatumika?

— Ilikuwa inatumika, papa, ila ilikuwa nzito tu.

— Na jioni mligusa nini ndani?

Kijana akaeleza yote, hata namna alivyovuta kable upande ili karti grafiki ipate nafasi.

Kwa fundi mzoefu, jibu kama hilo linasaidia kuliko kipimo. Ordinateri iliyofanya kazi mchana, kisha ikakataa jioni baada ya kufunguliwa, ni mara chache iwe imekufa yenyewe. Mara nyingi sababu iko katika kitu kilichoongezwa, ao katika kitu kilichoguswa wakati wa kuongeza. Kwa hiyo njia nzuri ni kurudi nyuma: kutoa vyote vilivyo vipya na kuirudisha mashini katika hali iliyokuwa nayo ilipokuwa nzima. Ikiwaka, kifaa kimoja kinarudishwa, mashini inajaribiwa, ndipo kifuate kingine. Kosa la kijana halikuwa kununua vifaa. Ni kuviweka viwili kwa pamoja, hivi kwamba hakuna aliyeweza kujua ni kipi kilichokataa.

Fundi alichomoa kable ya umeme ukutani, akabonyeza kifungo cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha akagusa chuma kitupu cha sanduku. Hatua hiyo ya mwisho wengi wanaicheka. Lakini mwili wa mtu unaweza kubeba umeme mdogo, hasa akivaa nguo za nailoni ao sufu, na umeme huo unaweza kuua kipande cha ordinateri bila mtu kusikia chochote kidoleni.

Feni zinazunguka, ekrani nyeusi

Karti grafiki ilitolewa, bareti mpya ikatolewa, na kable ya ekrani ikarudishwa kwenye tundu la karti mere. Mashini ikawashwa. Ekrani ikabaki nyeusi vilevile.

Hapo mtu angeweza kusema fundi wa kwanza alikuwa na haki. Wa pili aliinamisha taa ya simu kwenye pembe ya juu ya ubao, karibu na prosesa. Plagi ndogo yenye matundu manne ilikuwa imetoka nusu.

Katika ordinateri nyingi za mezani, karti mere inapokea umeme kwa njia mbili: plagi kubwa, na nyingine ndogo yenye matundu manne ao manane ambayo inalisha prosesa peke yake. Ile ndogo ikilegea, taa inawaka na feni zinazunguka, lakini prosesa haipati kitu. Mtazamaji anaona mashini inaishi, kumbe kichwa chake hakijaamka. Kijana alipovuta kable ili apate nafasi, aliivuta na plagi hiyo bila kujua. Fundi aliisukuma mpaka ikalia "ta!", akawasha tena. Picha ikatoka.

Mashini ikazimwa na kuchomolewa, ikawa zamu ya bareti. Fundi alitazama kwanza pengo dogo lililo kwenye ukingo wake. Bareti za DDR3 na za DDR4 hazina pengo pahali pamoja, na anayelazimisha moja iingie katika nafasi ya nyingine anavunja vyote viwili. Hii ilikuwa ya aina inayofaa. Tatizo lilikuwa kwamba upande mmoja haukuwa umeingia mpaka mwisho. Bareti inasukumwa kwa vidole gumba pande zote mbili, mpaka vishikizo vyake vijifunge vyenyewe. Na kwa kuwa vumbi la Butembo linaingia kila mahali, fundi alisugua polepole meno yake ya rangi ya dhahabu kwa gomu ya kufutia ya wanafunzi, akapangusa kwa kitambaa kikavu. Mashini ikawaka na kuihesabu RAM yote, ya zamani na mpya.

Ilibaki karti grafiki. Ubavuni mwake ilikuwa na tundu la kupokea umeme wa ziada wenye waya sita. Lakini alimantasio ya mashini hiyo, lile sanduku linalogawa umeme ndani, haikuwa na plagi ya namna hiyo. Mashini nyingi ndogo za maofisi zilitengenezwa na alimantasio ya nguvu ndogo, kwa sababu hazikutazamiwa kubeba karti grafiki kubwa. Shauri la fundi lilikuwa fupi: karti irudishwe kwa muuzaji, kwani kupiga maandishi na kuchapisha hakuihitaji.

Kuna pia wanaoweka karti inayofaa, lakini wanasahau kuhamisha kable ya ekrani. Karti ikiwekwa, mashini nyingi zinatoa picha kwenye karti, si tena kwenye tundu la zamani. Kinyume chake pia kinatokea: baadhi ya prosesa za Intel, zile ambazo jina lao linaishia kwa herufi F, hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Mashini ya namna hiyo ikiondolewa karti grafiki, ekrani itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima.

Inapolia, mtu ahesabu

Si kila mashini inanyamaza. Baadhi zinalia "tii, tii" wakati wa kuwaka. Ni BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya karti mere, inayosema kile inachokosa: RAM, picha ao kingine. Idadi ya milio inatofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Kwenye mashini nyingi za Dell, taa ya kifungo inapepesa kwa rangi ya machungwa. Kwenye nyingi za HP inapepesa nyekundu pamoja na milio. Mteja anayehesabu milio na kumwambia fundi kwenye simu anapunguza saa za kutafuta.

Kimya kabisa

Hali nyingine ni mashini isiyotoa hata taa. Hapo inafaa kuanza nje: kable ya ukutani, kisha kifungo kidogo kilicho nyuma ya alimantasio, ambacho kinasahauliwa mara nyingi. Ndani kuna plagi kubwa, kuna nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye kifungo cha mbele, na kuna visi. Visi moja iliyoanguka chini ya karti mere inaweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kugusana, na mashini ikakataa kuwaka.

Anayebadilisha alimantasio kwa nyingine iliyotumika aangalie kwa makini zaidi. Baadhi zina kifungo chekundu nyuma kinachochagua kati ya 115 na 230. Katika Congo umeme ni wa volti 220. Alimantasio iliyotoka Amerika ikiwa imeachwa kwenye 115, ikichomekwa hapa inapasuka mara moja, na inaweza kuchoma vingine. Kufungua alimantasio yenyewe si kazi ya mtu asiyejua, kwani ndani yake umeme mkali unabaki hata baada ya kuchomolewa.

Umeme unaoyumba, ule wa jenereta hasa, nao unadhuru. Hatari inazidi mashini inapofunguliwa na kufungwa huku bado imechomekwa. Kwa hiyo sheria ni moja: kuchomoa kwanza, kugusa baadaye.

Inawaka, lakini haioni diski

Kwenye sekretaria, kazi haikuishia kwenye picha. Maandishi meupe yalitokea yakisema hakuna diski ya kuwashia, na tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Diski ilikuwa pahali pake, kable zake zimeshikwa vizuri.

Sababu ilikuwa betri ya duara iliyo kwenye karti mere, ile inayoandikwa CR2032, ya volti 3. Inalinda saa na mipango ya BIOS wakati mashini haipati umeme. Ilikuwa imechoka zamani, lakini hakuna aliyejua kwa sababu ordinateri ilikuwa inabaki imechomekwa usiku. Ilipochomolewa usiku mzima, ilisahau kila kitu, hata namna ya kuisoma diski. Betri mpya ikawekwa, fundi akaingia katika BIOS, akarudisha tarehe na namna diski ilivyosomwa zamani. Windows ikafunguka.

Si kila mara inafunguka kwa upesi hivyo. Anayebadilisha prosesa aweza kukuta karti mere haiitambui mpaka BIOS ipandishwe, na mara nyingi inafaa kurudisha prosesa ya zamani kwanza ili kufanya kazi hiyo. Na ikiwa Windows ililindwa kwa BitLocker, badiliko la karti mere ao la mipango ya BIOS linaweza kuifanya iombe ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hawezi kusoma diski yake. Ni vizuri kuutafuta na kuuandika mahali kabla ya kufungua sanduku.

Karti mere si diski

Hofu ya mama ilikuwa ya memwari kuliko ya mashini. Lakini hata kama karti mere ingekuwa imekufa kweli, maandishi ya wanafunzi yasingekufa nayo. Yanakaa kwenye diski, na diski isiyofungwa kwa ufunguo inaweza kuhamishwa katika ordinateri nyingine na kazi ikanakiliwa. Kinachoua kazi za watu ni kuformati. Fundi anayependekeza kuformati mashini isiyotoa hata picha aulizwe sababu, kwani ekrani nyeusi ya namna hiyo haitoki kwenye Windows.

Kutupa ubao mzima pia ni hasara nyingine. Ndani yake kuna bati la kuunganishia vipande, na mara nyingi tantali inayotokana na koltani, madini ambayo ardhi ya Kivu Kaskazini inatoa, huko Walikale na Masisi. Yanatoka yakiwa mawe na kurudi yakiwa vifaa vya bei kali. Kuutupa ubao mzima kwa sababu ya plagi iliyolegea ni kulipa mara mbili.

Kabla ya saa sita za mchana, memwari zote tatu zilikuwa zimenakiliwa kwenye kle ya USB, na ya kwanza ilikuwa inachapishwa. Fundi alilipwa kazi ya mikono yake na betri. Kijana alipeleka karti grafiki sokoni kuirudisha. Kabla ya kutoka, fundi alimwomba abandike karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku na kuandika tarehe, kilichoongezwa na kilichotolewa, ili atakayefungua mashini hiyo kesho asianze kwa kubahatisha.