Samaki wa sebuleni: gharama haiko dukani

Anayetaka tangi la samaki wa baharini nyumbani huanza kwa kuuliza bei ya samaki. Hapo hesabu imeshakwenda kombo, kwa sababu fedha nyingi huliwa na kazi ya kuyafanya maji yabaki vilevile usiku na mchana.

Chukua tangi la lita 200 Dar es Salaam. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo kulijaza kunataka kilo 7. Chumvi ya jikoni haifai, kwani haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Inatakiwa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Ukibadilisha lita 20 kila wiki, kwa mwaka unamaliza kilo 36 nyingine. Kwa nini basi usichote ufukweni? Unaweza, ila uchote maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya majitaka, kisha uyachuje. Maji ya karibu na mdomo wa mto Msimbazi mimi nisingemtilia hata kaa. Maji ya tangi yanayopungua kwa mvuke hujaziwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi yenyewe haipandi na mvuke.

Mzigo mkubwa ni umeme. Mzungu analipia kupasha maji joto. Sisi tunalipia kuyapoza. Matumbawe mengi hustawi kati ya nyuzi 24 na 27, na sebule ya Dar mwezi Februari hupita 30. Pampu ya wati 40 isiyozimwa hula uniti 29 kwa mwezi. Taa za wati 120 kwa saa tisa kila siku, uniti 32. Mashine ya kupoza ya wati 250 ikifanya kazi saa kumi kwa siku, uniti 75. Jumla 136, kwa Sh292 kwa uniti, ni karibu Sh40,000 kila mwezi kabla ya kodi. Umeme ukikatika muda mrefu, oksijeni hushuka na samaki hufa, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri si anasa.

Wenye haraka hulipa mara mbili. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Samaki akiingizwa kabla, sumu humuua, na mwenye duka anauza mwingine.

Na samaki wenyewe? Pwani ya Kenya, wapiga mbizi huvua samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo, nao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Miongoni mwao yumo yule mdogo anayesafisha wenzake vimelea. Huyo usimnunue: wengi hufa njaa matangini. Yule wa rangi ya chungwa aliyevuma kwa filamu ya Nemo huzalishwa matangini na ni mvumilivu.

Ambaye hawezi kulipia uniti 136 kila mwezi aanze na samaki wa maji baridi.