Kufufua mashine kuukuu ya soda Pwani: Rangi huja mwisho

MASHINE kuukuu ya kuuzia soda inapotupwa nyuma ya duka, mpita njia huona mambo mawili: rangi iliyopauka na kutu iliyotapakaa. Fundi mzoefu huona na la tatu lisilodhihirika kwa macho, nalo ni chumvi. Katika mtaa kama Frere Town, Mombasa, ambako upepo wa bahari huingia kila uchochoro, chumvi hiyo ndiyo huamua iwapo kazi ya fundi itadumu kwa miaka au itabambuka kabla ya mvua za masika kumalizika.

Wakazi wa Frere Town hawahitaji kufunzwa thamani ya chombo cha kale. Mtaa huo ulianzishwa na wamishenari wa CMS mnamo 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, miaka miwili baada ya Sultan Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Jina lake latokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo hayo. Kengele iliyotundikwa hapo ndiyo iliyozaa jina la Kengeleni ambalo hutumika hadi leo.

Mashine ya kujiuzia bidhaa nayo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika karne ya kwanza, mwanachuoni Hero wa Alexandria, nchini Misri, alieleza chombo kilichotoa maji matakatifu hekaluni pindi sarafu ilipotumbukizwa. Uzito wa sarafu uliinamisha wenzo, mlango mdogo ukafunguka na maji yakatiririka. Mnamo 1883, Percival Everitt alitengeneza mashine ya kuuza kadi za posta jijini London. Baadaye kampuni ya Vendo, iliyoanzishwa Kansas City nchini Marekani mwaka wa 1937, ikawa miongoni mwa watengenezaji mashuhuri wa mashine za soda.

Nchini Kenya, ambako Coca-Cola iliingia mnamo 1948, soda ilizoeleka zaidi kuuzwa na mwenye duka kutoka katika jokofu, huku mteja akirudisha chupa. Hata hivyo, jokofu hilo la bati na mashine ya sarafu ni ndugu: mwili ni wa bati, tumbo ni mtambo wa baridi na ngozi ni rangi. Kanuni za kuvifufua ni zile zile.

Hatua ya kwanza si kushika msasa bali ni kutazama. Mafundi hushauriwa kupiga picha kila upande na kunakili maandishi ya awali kwa karatasi nyembamba kabla ya kukwangua chochote. Maandishi yakishafutwa, hayarudi. Isitoshe, iwapo rangi ya kwanza ingali imeshika vyema, huenda kuosha kwa sabuni na kupaka nta kukatosha. Wapenzi wa vitu vya kale huthamini zaidi mashine yenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo, kuliko ile iliyopakwa upya ikang'aa kama kioo.

Iwapo hapana budi kuiondoa rangi hiyo, hatari kubwa huanzia hapo. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi ili zikauke haraka na kudumu. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini hayo mnamo 1978, lakini rangi za viwandani ziliendelea kuwa nayo. Rangi ya aina hiyo ikisuguliwa kavu hugeuka vumbi jepesi ambalo hutua sakafuni, kwenye nguo na vidoleni mwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini ambacho kinajulikana kuwa salama. Kwa mtoto, sumu hiyo hudhuru ubongo na uwezo wa kujifunza.

Mombasa yaijua sumu hiyo kwa uchungu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha amri hiyo mnamo 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Vumbi la mashine moja halilingani na moshi wa kiwanda, lakini sumu ni ile ile, na ua unaofanyiwa kazi mara nyingi ndio ambao watoto huchezea.

Kwa sababu hiyo, rangi ya zamani husuguliwa ikiwa imeloweshwa maji, juu ya turubai, na fundi akiwa amevaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, wala si kitambaa. Takataka hukusanywa na kufungwa mfukoni badala ya kufagiliwa mtaroni. Kuichoma rangi kwa moto ni kosa, kwani moshi wake hubeba sumu. Nguo za kazi nazo hufuliwa kando na za familia.

Baada ya hapo ndipo chumvi huandamwa. Bati huoshwa kwa maji baridi mengi yasiyo ya chumvi, likasuguliwa, kisha likaoshwa tena. Chembe za chumvi zikibaki chini ya rangi huvuta unyevu wa hewani, kutu ikaendelea kula bati kimyakimya hadi rangi ifure kama lengelenge. Misumari na skrubu ndogo huweza kulazwa ndani ya siki usiku kucha, kisha zikasuuzwa kwa maji yaliyotiwa magadi ya kuokea na kukaushwa mara moja. Kwa sehemu pana hutumika dawa yenye asidi ya fosforasi. Ajabu ni kwamba asidi hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo, imo ndani ya soda za kola.

Rangi ya msingi ya kuzuia kutu hufuata siku iyo hiyo, kwa maana bati tupu la Pwani halingoji kesho. Wataalamu wa rangi hupendekeza kazi isifanywe unyevu wa hewa unapozidi asilimia 85, na joto la bati liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutanda. Kwa Mombasa, hiyo ina maana ya kungoja umande wa alfajiri ukauke na kumaliza kabla ya upepo wa alasiri kuleta vumbi na chumvi. Miezi ya kaskazi iliyo mikavu, Januari hadi Machi, hufaa kuliko majira ya masika. Rangi ya mwisho hupakwa kwa matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya jingine.

Tumbo la mashine nalo lisisahauliwe. Mashine zilizoundwa Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi, ilhali nyumba za Kenya hupata volti 240. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mitetemo ya umeme, ambayo ni 60 kwa sekunde kule na 50 huku, hivyo mota huzunguka polepole zaidi na huenda ikapata joto. Mitambo mingi ya kale ilijazwa gesi ya R-12 inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo nchi zinazoendelea zilitakiwa kukomesha matumizi yake kufikia 2010 chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Gesi hiyo haifai kuachiliwa hewani. Aitwe fundi wa majokofu mwenye vifaa vya kuinasa.

Mlango wa sarafu hupima kipenyo, uzito na aina ya madini, hivyo sarafu mpya za Kenya zilizozinduliwa Desemba 2018 huenda zikakataliwa. Hilo si sababu ya kuung'oa. Mashine isiyouza tena chochote bado yaweza kuonyesha jinsi ilivyofanya kazi.

Kwa hivyo, anayetaka kumlipa fundi asiulize kwanza rangi itang'aa kiasi gani. Aulize bati lilioshwaje na vumbi lilipelekwa wapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayompa mashine ya kudumu, na watoto wa mtaani usalama wao.