Safari ya Familia Bila Gari: Tufikie Wapi?

Mwaka unapokuwa wa neema, mahindi yakauzwa vizuri na akiba ikabaki, baadhi ya familia za Kwedizinga na vijiji jirani huanza kuuliza jambo ambalo wazazi wetu hawakuliuliza: je, likizo ya Desemba tunaweza kuwatoa watoto tukawaonesha nchi jirani? Swali hilo hufika hata kwenye kamati ya msikiti, kwa kuwa wengi hupenda kusafiri kwa jamaa, kaya mbili au tatu pamoja. Jawabu letu huanza na swali jingine: mtafikia wapi? Safari ya familia hutengenea au huharibika kutokana na mahali pa kufikia, kuliko wingi wa miji itakayopitwa.

Mazoea ni kukodi Noah au Hiace na kupanga miji minne kwa siku sita. Fedha nyingi huishia kwenye kodi ya gari na mafuta. Watoto hutapika njiani, wazee huteremka wamevimba miguu. Mama wa nyumba, ambaye mwaka mzima ndiye wa mwisho kulala, hufungasha mizigo kila alfajiri na kuifungua kila usiku. Mwenye haki kubwa zaidi ya kupumzika ndiye anayerudi amechoka kuliko wote.

Mtume (s.a.w.) alipomteua Uthman bin Abil-As kuwa imamu wa watu wake, alimwelekeza awapime kwa aliye dhaifu zaidi miongoni mwao. Maelekezo hayo yalihusu swala, lakini busara yake yaingia katika safari pia. Kabla ya kuchagua mji, tumtazame bibi mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka minne, kisha tuulize: kutoka mlangoni, wawili hawa wataweza kufika kwa miguu msikitini, sokoni na baharini?

Kwa mizani hiyo, Lamu, nchini Kenya, unastahili kutazamwa wa kwanza. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba mno kwa gari. Mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na safari za mbali kidogo ni za mashua. Punda ni wengi kiasi kwamba tangu mwaka 1987 wana zahanati yao ya hisani. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ngome yake, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza hadi mwaka 1984 na sasa ni makumbusho. Soko liko jirani nayo. Misikiti ni mingi, na upande wa Langoni uko Riyadha, chuo na msikiti ulioasisiwa na Habib Swaleh. Lugha ni Kiswahili, na kupata chakula cha halali si jambo la kutafuta. Tahadhari moja: pikipiki zimeingia pembezoni mwa mji, hivyo watoto wasiachiwe huko wakidhani kisiwa kizima ni uwanja wao.

Wapo watakaovutwa na Shela, kijiji chenye ufukwe mrefu wa mchanga, takriban kilomita 3 kutoka mjini. Ni pazuri, ila nyumba nyingi za wageni zimelenga watalii wenye uwezo, na soko na hospitali viko mjini. Familia yetu ya mfano ifikie mjini, na Shela iendewe asubuhi kwa miguu au kwa mashua, bibi akipenda kubaki barazani abaki.

Nyumba nayo ichunguzwe kabla ya kulipia. Nyumba za mawe za Lamu nyingi ni za ghorofa, na ngazi zake huwa nyembamba zenye vidato virefu. Ulizeni kama kipo chumba cha chini kwa mzee, kama jiko linaruhusiwa, kama maji ni ya uhakika, na msikiti ulio karibu uko hatua ngapi. Swali la jiko lisigeuke kifungo cha akina mama. Chakula cha mchana kinaweza kununuliwa, na wanaume wakapika jioni.

Idadi ya siku ina hukumu yake. Kwa madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa siku nne kamili mahali pamoja, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huacha kupunguza swala tangu anapofika, akaswali kamili kama mkazi. Katika hukumu hiyo tunaona pia kipimo cha utulivu: chini ya siku hizo bado ni mpita njia. Tunashauri siku tano au sita, bila kuhama.

Njia yenyewe ni ndefu, na ukweli wake lazima usemwe. Basi huanzia Korogwe, kupitia Segera na Muheza hadi Tanga, kisha Horohoro, Lungalunga na kivuko cha Likoni. Kulala Mombasa ni lazima. Siku ya pili ni Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe, na hapo mashua. Kila mtoto avae jaketi la kujiokolea. Barabara hiyo ya mwisho imewahi kushambuliwa na watu wenye silaha, na mwaka 2014 mji wa Mpeketoni ulipoteza watu wengi. Basi msisafiri usiku, na kabla ya kutoka Mombasa ulizeni hali ya njia kwa kampuni za mabasi na kwa wenyeji.

Habari zikiwa mbaya, msilazimishe. Bakini Mji wa Kale wa Mombasa. Bajaji na magari yapo, lakini Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Msikiti wa Mandhry na bahari vyote vimo ndani ya mwendo wa miguu. Kuwa na mahali pa pili palipokwisha kuchaguliwa huondoa ile aibu ya kurudi nyuma ambayo humfanya baba wa familia kuhatarisha watu wake.

Pasipoti au hati ya dharura ya safari, ya kila mtu na watoto wakiwemo, ishughulikiwe Uhamiaji mapema, pamoja na kuuliza kuhusu kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kisha familia ikae shura. Desturi yetu ni baba kutangaza safari na wengine kufuata. Safari hii aanze kusema bibi, afuate mama wa nyumba, wakubwa wa kiume wasikilize. Wakisema hawawezi vidato vile, nyumba nyingine itafutwe kabla hata shilingi moja haijatumwa.