Mfasiri na Mkalimani katika Uundaji wa Programu za Sauti

Mtafiti wa fasihi simulizi arudiye kutoka nyanjani na saa nyingi za ngano zilizorekodiwa hana budi kuwa na programu ya kuhariri sauti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu mojawapo, Ardour, inavyoundwa katika Linux kutokana na matini yake ya asili, na kupendekeza istilahi za kazi hiyo.

Ardour, iliyoanzishwa na Paul Davis, hutolewa kwa leseni ya GPL. Waundaji wake huomba malipo kwa nakala iliyo tayari. Lakini matini ya asili, iliyoandikwa hasa kwa lugha ya C++, yeyote aweza kuichukua bure. Hivyo mtafiti asiye na fedha, ila mwenye subira, hanyimwi chombo.

Hatua ni tatu. Kwanza, amri ./waf configure hukagua iwapo maktaba zihitajiwazo zimo. Pili, ./waf huigeuza matini kuwa maagizo ya mashine. Tatu, ./waf install, itolewayo kwa mamlaka ya msimamizi, huweka matokeo mahali pake.

Aghalabu watu hukwama katika hatua ya kwanza. Huambiwa kwamba libsndfile, maktaba isomayo na kuandika faili za sauti, haionekani, ilhali programu nyingine zaitumia katika mashine iyo hiyo. Sababu ni kwamba Debian na jamaa zake huigawa maktaba mafungu mawili. Fungu la kwanza hutumiwa na programu zilizokwisha undwa. La pili, libsndfile1-dev, lina matangazo ya majina na maumbo yahitajiwayo wakati wa kuunda. Ni kama tofauti kati ya kumsikia msemaji na kuwa na sarufi ya lugha yake. Likiwekwa fungu hilo, hatua ya kwanza na irudiwe.

Wako waiitao hatua ya pili 'kukusanya'. Neno hilo lafaa kwa kazi ya kamusi. Hapa, matini ya lugha moja hutolewa yote katika lugha nyingine kabla ya kutumiwa. Hiyo ni kazi ya mfasiri. Waf yenyewe, iliyoandikwa kwa Python, huendeshwa na chombo kinachoitekeleza matini papo kwa papo. Huyo ni mkalimani. Kiswahili kimekwisha kuzitenganisha kazi hizi mbili. Twapendekeza basi maneno hayo yatumiwe, badala ya kuunda mapya yasiyomwelekeza mwanafunzi.