Daraja la Zambezi: chuma kilichoifikisha reli Lubumbashi

Mwaka 1910, treni ya kwanza iliingia Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Haikutoka Matadi wala Kindu. Ilitoka kusini, kwenye reli ya Waingereza, na kabla ya kufika Katanga reli hiyo ilipaswa kuvuka korongo la Mto Zambezi, mbele ya maporomoko ya Victoria. Daraja la chuma lililojengwa hapo mwaka 1905 lingali limesimama hadi leo, mpakani kati ya Zambia na Zimbabwe.

Wakaaji wa sehemu hiyo huyaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza aliyeota reli moja kutoka Cape hadi Cairo, alitaka daraja lipite karibu sana na maji, ili matone yaangukie mabehewa. Alikufa mwaka 1902 bila kuliona daraja, wala hakuwahi kufika kwenye maporomoko yenyewe. Lakini matakwa yake yalifuatwa: hadi leo mvuke wa maporomoko hulilowesha daraja.

Nguvu ya pembetatu

Mchoro ulitoka kwa mhandisi George Hobson, wa ofisi ya Sir Douglas Fox mjini London. Korongo ni refu sana kwenda chini, na maji yake ni makali. Kusimamisha nguzo katikati ya mto hakukuwezekana. Hobson aliamua kutumia upinde mmoja wa chuma wenye urefu wa mita 156, unaoegemea kuta za mawe pande zote mbili. Ukijumlisha na sehemu fupi za pembeni, daraja lote lina mita 198, na liko mita 128 juu ya mto maji yanapopungua.

Ukilitazama kwa mbali, utaona vyuma vimeungana kwa pembetatu, pembetatu juu ya pembetatu. Sababu yake ni rahisi. Fremu ya pembe nne ukiisukuma kwa upande inalala. Ya pembe tatu haiwezi kubadilika umbo mpaka chuma chenyewe kipinde au kikatike. Treni ikipita, uzito wake unagawanyika: vyuma vingine vinabanwa, vingine vinavutwa, na mwishowe mzigo wote unashuka hadi kwenye mwamba.

Miguu ya upinde haikufungwa kabisa kwenye mwamba. Iliwekwa juu ya bawaba, kama za mlango, kwa sababu chuma hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi. Bila bawaba hizo, joto la mchana lingeweza kulisumbua daraja kila siku.

Kamba iliyorushwa kwa roketi

Vipande vilitengenezwa na kampuni ya Cleveland Bridge huko Darlington, Uingereza, vikaletwa kwa meli hadi Beira, Msumbiji, kisha kwa treni. Reli ilifika ukingo wa kusini mwaka 1904. Ili kuvuka, mafundi walirusha kamba nyembamba kwa roketi hadi ng'ambo, wakaitumia kuvuta kamba nzito zaidi, mwishowe wakatandika waya mnene wa kubeba mizigo. Hata lokomotivi ilifunguliwa vipande vipande na kuvushwa juu ya waya huo. Hivyo kazi ya reli upande wa kaskazini iliendelea kabla daraja halijakamilika.

Upinde wenyewe ulijengwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, chini ya usimamizi wa Mfaransa Georges Imbault. Kila nusu ilining'inia juu ya korongo, ikishikiliwa nyuma kwa nyaya zilizofungwa ndani ya mwamba. Jioni ya tarehe 31 Machi 1905, nusu hizo mbili zilipokaribia kukutana katikati, zilipishana kwa karibu sentimita tatu. Joto lilikuwa limekirefusha chuma. Asubuhi na mapema ya tarehe 1 Aprili, baada ya baridi ya usiku, vipande viliingia mahali pake.

Daraja lilifunguliwa rasmi tarehe 12 Septemba 1905 na Profesa George Darwin, mtoto wa mwanasayansi Charles Darwin. Gharama yake ilikuwa pauni 72,000.

Makaa yaja, shaba yaenda

Reli ilifika Broken Hill, leo Kabwe, mwaka 1906, kisha Sakania mwaka 1909, na Élisabethville mwaka uliofuata. Mwaka 1911 tanuri la Union Minière liliyeyusha shaba ya kwanza. Moto wake ulitegemea makaa ya Wankie, leo Hwange, mgodi ulio upande wa kusini wa daraja, karibu kilomita 100 kutoka hapo. Makaa yalipanda yakivuka Zambezi. Shaba ilishuka kwa njia ileile hadi bandari ya Beira. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliipa Katanga mlango mwingine, kuelekea Lobito.

Karibu na wakati huo, sakafu ya daraja ilijengwa upya na kupanuliwa. Mwanzoni ilikuwa na njia mbili za reli. Tangu hapo ina reli moja, barabara ya magari na njia za watembea kwa miguu.

Siasa pia ilipita hapo. Mwaka 1973 mpaka kati ya Rhodesia na Zambia ulifungwa, na Zambia ikageukia reli mpya ya TAZARA kuelekea Dar es Salaam. Tarehe 26 Agosti 1975, Ian Smith na viongozi waafrika wa Rhodesia walizungumza ndani ya behewa lililosimamishwa katikati ya daraja, mbele ya Rais Kaunda na Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini. Mazungumzo hayakuzaa matunda. Zambia iliifungua tena njia ya reli mwaka 1978.

Leo malori mengi yanayobeba shaba kutoka Kolwezi na Lubumbashi kwenda kusini hupitia Kasumbalesa, kisha daraja jipya la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021, na macho ya wengi yameelekea tena Lobito. Historia ya daraja la Zambezi inakumbusha jambo moja: shaba iko Katanga, lakini njia ya kuifikisha baharini imepita mara nyingi katika nchi za wengine.