Supu ya Wachina Iletayo Usingizi

Mti wa mkunazi twaujua sote. Matunda yake watoto huyapigania, na majani yake hutumika katika kuwaosha maiti wetu. Basi huko Uchina upo mti wa jamaa moja nao, wenye miiba na matunda machachu, uitwao suanzao. Kinachotakiwa zaidi kwa dawa ni kiini kilichomo ndani ya kokwa. Ndicho wampacho mtu akosaye usingizi.

Mganga Zhang Zhongjing aliiandika supu hii yapata miaka 1,800 iliyopita, kwa ajili ya mtu aliyedhoofika ambaye moyo wake hautulii usiku. Viini hutiwa katika vipimo 8 vya maji, vikachemshwa hata maji yabakie vipimo 6. Ndipo hutiwa mzizi mtamu wa susi na dawa nyingine 3, ikachemshwa tena hata vibakie vipimo 3. Hunywewa ingali na joto, kwa mafungu 3. Wengine huvipika viini hivyo katika uji wa mchele, kwani kwa Wachina chakula na dawa asili yake ni moja.

Lakini tahadhari! Kunazi zetu si hizo, wala kokwa zake zisipondwe kwa kubahatisha. Mwenye mimba, au atumiaye dawa za hospitali, kwanza amwulize daktari. Na akosaye usingizi wiki nyingi huenda ana maradhi, au huzuni aifichayo. Huyo hatoshwi na chungu cha supu; yapasa watu wa nyumbani mwake wakae naye, wamwulize hali.